Kikokotoo cha simu na kalkuleta ya dukani vinanipa majibu tofauti: niamini kipi?

MuuzaSamaki wa Ngamiani aliuliza:

Assalamu alaykum, na kwa wasio Waislamu, habari za asubuhi. Naomba msaada wa wajuzi wa hesabu, kwa sababu jambo hili limenikosesha usingizi kwa wiki tatu sasa na limekaribia kunigombanisha na kaka yangu wa tumbo moja.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa samaki hapa Tanga mjini. Kila alfajiri huteremka soko la samaki la Deep Sea, nikanunua mnadani, nikaweka barafu, kisha nikawapelekea wenye migahawa mitatu ya Chumbageni na Ngamiani ambao hunilipa kila Ijumaa. Hawa si wateja wa waja leo waondoka leo. Tunaishi mtaa mmoja, na nikimkosea mtu hesabu leo, kesho nitakaa naye jamvi moja msibani. Hesabu zangu zote nazifanya kwa kikokotoo kilichomo ndani ya simu, halafu jumla naiandika daftarini.

Mambo matatu yamenitia shaka. La kwanza, Jumatatu nilikuwa naandaa ankara ya mgahawa mmoja: nauli ya bajaji 4,000, na samaki aina ya changu kilo 6 kwa 12,000 kila kilo. Nikabonyeza 4,000 + 12,000 × 6, simu ikanijibu 76,000. Kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya umeme, akabonyeza vilevile na kwa mpangilio uleule kwenye kalkuleta yake kubwa ya mezani, ikamjibu 96,000. Tulirudia mara nne bila ya jibu kubadilika upande wowote. Anasema mashine yake ina miaka 11 na haijapata kumdanganya hata siku moja, na kwamba simu ni kitu cha kuchezea.

La pili, mwenye mgahawa mwingine analalamika kwamba nimemzidishia 5,400 kwenye kolekole. Samaki alikuwa na kilo mbili na gramu hamsini, bei ni hiyohiyo ya 12,000 kwa kilo, na simu ilinipa 30,000. Nilizidisha upya mbele yake na jibu likawa lilelile, lakini yeye ana jumla yake aliyoipiga kwa kichwa na hataki kuiacha.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Ijumaa iliyopita nilipofunga hesabu za wiki, simu ilinionyesha kwamba nilipaswa kuwa na 412,500 mkononi, lakini nilipohesabu noti nilikuta 385,500. Pungufu ni 27,000. Sikumkopesha mtu, na sidhani kama niliibiwa, maana mkoba hautoki kiunoni mwangu.

Mama yangu anasema dawa ni kuiweka simu kando na kurudi kwenye hesabu za kichwa, kama yeye alivyouza maandazi kwa miaka 30 bila ya mashine. Je, kikokotoo cha simu kinaweza kukosea? Na kama hakikosei, kosa langu liko wapi?

Mwalimu Mstaafu wa Pongwe alijibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nilipoliona neno kikokotoo kwenye kichwa cha swali lako nilidhani tunarudi kwenye mjadala wa mafao ya wastaafu, nikavaa miwani kwa hasira. Nimefarijika kukuta ni changu na kolekole.

Nitajibu la kwanza, na mengine nitawaachia wenzangu. Ankara yako ni 76,000, kwa kuwa samaki peke yake ni 72,000 na nauli huongezwa mara moja tu. Simu imekujibu sawa. Kalkuleta ya kaka yako nayo haijaharibika, isipokuwa imeundwa kufanya kazi kwa namna nyingine: yenyewe hutekeleza kila alama pale pale inapobonyezewa inayofuata. Ulipobonyeza alama ya kuzidisha baada ya 4,000 + 12,000, ilikwisha jumlisha na kupata 16,000, kisha ikaizidisha hiyo kwa 6. Kwa maneno mengine, imemtoza mteja nauli ya bajaji mara sita, kama kwamba kila kilo ya changu ilipanda bajaji yake. Simu yako husubiri mpaka sentensi yote iishe, halafu huifanyia kazi kwa utaratibu tuliokuwa tukiwaimbisha darasani, MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

Mkitaka kujua mashine yoyote ni ya kabila lipi kabla ya kuikabidhi fedha zenu, bonyezeni 2 + 3 × 4. Ikijibu 14, inafuata MAGAZIJUTO. Ikijibu 20, inakwenda hatua kwa hatua. Kaka yako hakupata kudanganywa kwa miaka 11 kwa sababu mwenye duka kwa kawaida huzidisha kila bidhaa peke yake, akaandika, ndipo akajumlisha. Na kama angeanza na kuzidisha, yaani 12,000 × 6 + 4,000, mashine zote mbili zingekubaliana. Akiwa na bidhaa nyingi, atumie kitufe cha M+ kila anapomaliza kuzidisha bidhaa moja, na mwishoni abonyeze MR ili apate jumla yote. Vitufe hivyo vipo kwenye kalkuleta nyingi za mezani, na watu wengi hukaa navyo miaka kumi bila ya kuvigusa.

Kwa vijana wanaojiandaa na mtihani wa Taifa wa kidato cha nne, nakumbusha kwamba kwenye chumba cha mtihani simu hairuhusiwi. Utaratibu huu mtautafuta kichwani mwenu wenyewe.

Kijana wa Barabara ya Tisa alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, naomba kupingana nawe kidogo, kwa sababu mimi nimeijaribu simu yangu na nimeona haifuati MAGAZIJUTO hata kidogo. Nilibonyeza 50,000 − 12,000 + 8,000. Kwa mujibu wa MAGAZIJUTO, JU hutangulia TO. Kwa hiyo nilipaswa kujumlisha kwanza 12,000 na 8,000 nipate 20,000, kisha niitoe kwenye 50,000 nibaki na 30,000. Simu ikanipa 46,000. Hiyo ni tofauti ya 16,000 katika hesabu ya mstari mmoja. Nadhani hapo ndipo dada yetu anapopotezea fedha zake, na kaka yake ana haki ya kutoiamini simu.

Mwalimu Mstaafu wa Pongwe alijibu:

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali zuri, na lawama naielekeza kwetu sisi walimu, kwa kuwa tulikupa neno la kukariri bila ya kukueleza mipaka yake.

Neno MAGAZIJUTO limepangwa hivyo ili litamkike, lakini ngazi zenyewe ni tatu tu. Mabano ni ngazi ya kwanza. Kugawanya na kuzidisha ni ngazi ya pili, na ndani ya ngazi hiyo hakuna mkubwa wala mdogo. Unafanya inayotangulia kutoka kushoto kwenda kulia. Kujumlisha na kutoa ni ngazi ya tatu, na hukumu ni hiyohiyo. Kwa hiyo 50,000 − 12,000 hufanywa kwanza, unapata 38,000, kisha unaongeza 8,000, ndiyo hiyo 46,000 ya simu yako.

Ajabu yake ni kwamba GAZI haimdhuru anayelifuata neno kama lilivyo. Chukua 2 × 24 ÷ 6: ukizidisha kwanza unapata 48, ukagawanya unapata 8, ukigawanya kwanza unapata 4, ukazidisha unapata 8 ileile. JUTO ndilo lenye majuto. Kama hiyo 8,000 yako ilikuwa ni matumizi mengine ya kutolewa pamoja na ile 12,000, basi kosa halikuwa la simu. Uliiandikia alama ya kujumlisha na yenyewe ikatii. Ungeandika 50,000 − 12,000 − 8,000, au ungetumia mabano, 50,000 − (12,000 + 8,000), na ungepata 30,000 uliyoitaka.

Mama wa Mgahawa, Mikanjuni alijibu:

Mdogo wangu, mimi si mwenye mgahawa unaomsema, lakini na mimi nanunua samaki kila siku na nakwambia kwa mapenzi kabisa kwamba huyo mama anakudai 5,400 yake.

Kilo mbili na gramu hamsini siyo 2.5. Kilo moja ina gramu 1,000, kwa hiyo baada ya nukta lazima pawe na nafasi tatu za gramu: gramu 500 ni .500, gramu 50 ni .050, na gramu 5 ni .005. Wewe umebonyeza kilo mbili na nusu. Jaribu 2.050 × 12,000 na simu ileile itakujibu 24,600. Toa hiyo kwenye 30,000, utaiona 5,400 imekaa mahali pake.

Kosa hili silioni kwa wenye mizani ya dijitali, kwa sababu mizani hiyo huonyesha 2.050 yenyewe na mtu huinakili tu. Linatokea pale ambapo mpimaji anasoma mshale na kutamka kwa mdomo, na anayesikia anaandika kwa masikio. Ndiyo maana sisi wa jikoni tulizoea kusema nusu, robo, robo tatu na nusu robo. Ukisikia robo huna njia ya kukosea, ni .25 basi, na nusu robo ni .125. Balaa limekuja na hizi gramu arobaini, gramu hamsini. Mimi nimemwambia mpimaji wangu atamke sifuri: "mbili nukta sifuri hamsini." Wanamcheka pale mnadani, lakini hatujagombana tangu aanze.

Na yaleyale yapo kwenye saa. Binti anayenisaidia hulipwa kwa saa. Akifanya kazi saa 6 na dakika 30, nikibonyeza 6.30 nimemdhulumu, kwa sababu dakika 30 ni nusu saa, yaani 6.5.

Karani wa Ghala alijibu:

Nimefanya kazi ya kufunga vitabu vya ghala kwa muda mrefu, na hiyo 27,000 ya dada yetu ilinifanya nitabasamu kabla ya kumaliza kusoma. Naomba nieleze kwa urefu, kwa sababu hapa pana hila ambayo makarani wa zamani waliitumia kabla ya simu hazijazaliwa, na bado inafanya kazi.

Hesabu isipolingana, usikimbilie kujumlisha upya daftari zima. Ichukue ile tofauti yenyewe, uigawanye kwa 9. Ikigawanyika bila ya kubakisha kitu, washuku makosa mawili. La kwanza ni kupindua tarakimu, mfano kuandika 74 badala ya 47. Sababu yake ni nyepesi: katika 74 ile 7 imesimama kwenye makumi, na katika 47 imesimama kwenye mamoja, kila tarakimu inapohama nafasi moja thamani yake hubadilika kwa mara kumi ukitoa moja, yaani mara tisa. Kosa la pili ni sifuri iliyozidi au iliyopungua, kwa sababu kitu kilichozidishwa mara kumi, ukikitoa chenyewe, hubaki mara tisa yake.

Sasa tuiangalie ya kwako. 27,000 ÷ 9 ni 3,000 kamili. Hii inatupa vidokezo viwili vya kufuatilia. Ama kuna 3,000 na 30,000 zilizobadilishana mahali pamoja, ama kuna kiasi cha maelfu ambacho tarakimu zake mbili zinatofautiana kwa 3 na zikapinduliwa: 41 na 14, 52 na 25, 63 na 36, 74 na 47, 85 na 58, 96 na 69. Tazama pia upande wa kosa. Mkononi una pungufu kuliko simu inavyosema. Kwa hiyo ama mauzo yalibonyezwa makubwa kuliko yalivyokuwa, ama matumizi yalibonyezwa madogo. Anza na sifuri, maana kwenye kioo cha simu kidole kikipita haraka sifuri moja humezwa bila ya mtu kujua.

Ukikosa huko, igawanye tofauti kwa 2. Nusu ya 27,000 ni 13,500. Kama kuna matumizi ya 13,500 ambayo uliyajumlisha badala ya kuyatoa, tofauti yake huwa mara mbili, kwa kuwa umeacha kutoa na juu yake umeongeza.

Nisikudanganye lakini: kugawanyika kwa 9 ni dalili, haiwi ushahidi. Katika kila namba tisa zinazofuatana moja hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, kwa hiyo huenda ukaifuata njia hii na ukakuta mtu alikuibia 27,000 kweli. Hata hivyo, hata ile 5,400 ya kolekole ni 600 mara 9, kwa sababu 0.5 ni mara kumi ya 0.05. Kosa la nukta na kosa la sifuri ni ndugu.

Kuna kosa jingine ambalo ni la enzi hizi za simu, na sijawahi kusikia likitajwa sokoni. Tazama vitufe vya kikokotoo: safu ya juu ni 7, 8, 9. Sasa fungua sehemu ya kupigia simu: safu ya juu ni 1, 2, 3. Mfanyabiashara anayepokea na kutuma fedha kwa simu mchana kutwa anahama kati ya mipangilio hii miwili bila ya kufikiri, na vidole vina mazoea kuliko akili. Akikosea, 1 hugeuka 7, 2 hugeuka 8, na 3 hugeuka 9, au kinyume chake. Safu ya kati haibadiliki. Mara zote tatu tofauti ni 6. Kwa hiyo siku utakapoona daftari limepishana kwa 600, 6,000 au 60,000 kamili, usimtilie mtu shaka kabla ya kuzikagua 1 na 7 zako.

Mwisho, simu ina jambo moja ambalo kalkuleta nyingi za mezani hazina, nalo ni kumbukumbu ya ulichobonyeza. Kama unatumia kikokotoo cha Google kwenye Android, weka kidole juu ya eneo la majibu na ukiteleze kuelekea chini. Hesabu zako zilizopita zitashuka zikiwa kamili, na alama zake. Kwenye iPhone orodha kama hiyo ilikuja na mfumo wa iOS 18, mwaka 2024. Zilizo na mfumo wa zamani hazina, ila ukikosea tarakimu moja unaweza kuteleza kidole juu ya namba na ikafutika hiyo ya mwisho tu, bila ya kuanza upya. Kabla hujaifuta kumbukumbu yako, ilinganishe na daftari mstari kwa mstari.

Mzee wa Sahare alijibu:

Nyote mmesema, ila mama mzazi wa binti huyu mmemwacha peke yake, nami nasimama upande wake.

Marehemu baba yangu aliuza boriti kwa korija, na korija ni ishirini. Enzi hizo shilingi 20 tukiziita pauni. Mtu akiuliza bei ya boriti moja, baba hakugawanya chochote: kama korija ni pauni tatu, boriti moja ni shilingi tatu, kama ni pauni nne, ni shilingi nne. Ishirini za juu na ishirini za chini zilikuwa zinafutana zenyewe. Msikilizaji wa kando angedhani ni mchawi wa hesabu, kumbe alikuwa anarudia neno alilolisikia.

Sisemi simu itupwe. Mimi mwenyewe ninayo na miwani yangu haioni tena kalkuleta ndogo. Nasema kichwa kitangulie kusema jibu linakaribia wapi. Kilo mbili kwa 12,000 ni 24,000, hilo halihitaji umeme. Kolekole alikuwa na kilo mbili na kitu kidogo, kwa hiyo jibu lazima liwe 24,000 na kitu kidogo. Simu iliposema 30,000, mama wa mgahawa alijua papo hapo kwamba kuna jambo, hata kabla hajapata hizo 600 za juu. Binti yetu alizidisha mara ya pili na ya tatu, lakini alikuwa anazidisha kosa lilelile, na simu itakujibu vilevile hata ukirudia mpaka Idi.

MuuzaSamaki wa Ngamiani alijibu:

Shikamooni wakubwa zangu, na ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu siku mbili hizi nilikuwa nafuatilia mliyonieleza, na nina ya kusimulia.

Kaka alibonyeza 2 + 3 × 4 mbele yangu, ikaja 20. Alinyamaza kidogo, akabonyeza tena, kisha akasema kwamba tangu leo ataanza na kuzidisha, na kwamba hilo halimaanishi mashine yake ni mbovu. Tumepatana.

Ile 27,000 nimeipata, Karani. Nilikagua 47 na 74 zote, hazikuwa na kosa. Nikaangalia sifuri kama ulivyoshauri. Alhamisi nilinunua barafu ya siku mbili pamoja na sanduku jipya la kuhifadhia samaki, jumla 30,000, na daftarini niliandika 30,000 vizuri kabisa kwa mkono wangu. Lakini nilipoteleza kidole na kumbukumbu ya simu ikashuka, nilikuta nimetoa 3000. Sifuri moja imemezwa. Nilikaa kitako kwenye kizingiti nikacheka peke yangu, kwa sababu kwa wiki nzima nilikuwa namtazama vibaya kijana anayenibebea ndoo.

Nilikwenda kumrudishia mama wa mgahawa 5,400 yake na kumwomba radhi. Alipokea, akaniombea dua, halafu papo hapo akaniomba nimpunguzie asilimia 10 kwa kila kilo kuanzia sasa, kwa kuwa ni mteja wa siku zote. Nimebonyeza 12,000 − 10% na simu imenipa 10,800. Mnadani huwa nanunua kwa 9,000. Naona kama bado napata, lakini kwa yaliyonikuta sitaki kukubali kabla ya kuwauliza.

Karani wa Ghala alijibu:

Nimefurahi sana kuhusu sifuri, na mwombe radhi kijana wa ndoo, ingawa hajui alichoshukiwa.

Jibu la 10,800 ni sahihi. Ila kitufe cha asilimia kipime kwanza kwenye kila simu utakayoishika, kwa sababu programu hazifanani: bonyeza 200 + 10%. Simu nyingi zitakupa 220, lakini zipo programu zinazoigeuza 10% kuwa 0.1 na kukujibu 200.1. Ukitaka njia isiyotegemea simu, zidisha kwa 0.9 ukipunguza asilimia 10, na kwa 1.1 ukiongeza.

Sasa faida yako. Ukinunua kwa 9,000 na kuuza kwa 12,000 unabaki na 3,000 kwa kilo. Ukiipima kwa bei ya kununulia, hiyo ni asilimia 33 na kidogo. Ukiipima kwa bei ya kuuzia, ni asilimia 25. Zote mbili ni kweli, lakini punguzo la mteja siku zote hukatwa kwenye bei ya kuuzia. Kwa hiyo yule atakayekuomba asilimia 25, na wewe ukafikiri umebakiwa na nane juu ya ile thelathini na tatu, atakuwa amekurudisha kwenye 9,000 uliyonunulia na hukupata hata senti ya sabuni ya kunawia harufu.

Huyu wa asilimia 10 anachukua 1,200 kati ya 3,000 zako. Yeye amepunguziwa asilimia 10, lakini faida yako imepungua kwa asilimia 40. Unabaki na 1,800, na humo bado hujatoa barafu na bajaji. Piga hesabu ya barafu na nauli ya wiki nzima, uigawanye kwa kilo ulizouza, ndipo ujue kinachobaki.

Tena, ukimpunguzia na baadaye ukataka kurudi kwenye bei yako, usiongeze asilimia 10 juu ya 10,800, kwa sababu utapata 11,880. Kurudi ni kugawanya kwa 0.9. Wenye maduka huangukia shimo hilohilo kwenye kodi ya ongezeko la thamani: bei yenye asilimia 18 ndani yake ikiwa 118,000, kabla ya kodi ni 118,000 ÷ 1.18, yaani 100,000. Anayebonyeza 118,000 − 18% hupata 96,760, na 3,240 zinapotea hewani.

MuuzaSamaki wa Ngamiani alijibu:

Nimekokotoa kama ulivyosema, na barafu pamoja na bajaji zinanilia 700 kwa kila kilo. Kwa hiyo asilimia 10 ingeniachia 1,100 tu, nami nina watoto wawili shuleni. Leo asubuhi nilimwambia mama wa mgahawa kwamba nitampa asilimia 5, kwa sharti alipe taslimu palepale badala ya kungoja Ijumaa. Alikubali. Nikatoa simu ili nimwambie kilo itakuwa shilingi ngapi, na nilipokuwa bado natafuta kitufe cha asilimia, yeye akasema sehemu ya kumi ni 1,200, nusu yake ni 600, basi ni 11,400, na akaanza kuhesabu noti.